Duka la Hamdun na Wateja wa Kupita

Watu wa Kitale wanakubaliana jambo moja: Duka la Hamdun halikuuawa na wezi, wala moto, wala jirani mwenye kijicho. Liliuawa na mwenyewe, tena kwa mikono iliyonukia manukato ya bei ghali.

Mzee Hamdun alilianza na cherehani moja barazani, karibu na msikiti, akishona kaptura za shule. Miaka thelathini baadaye alikuwa na jengo la orofa tatu Kitale na tawi kubwa katikati ya mji wa Bungoma. Aliuza blanketi, makoti, sare za shule, sufuria na gambuti. Baada ya mavuno, wakulima wa Endebess waliingia na matope yao hadi ndani, na Rosaline, mfanyakazi wa usafi, akawafuata nyuma na tambara bila kununa. Mzee hakutaka mtu yeyote azuiwe mlangoni. "Hayo matope ndiyo yaliyotujengea," alizoea kusema, na wafanyakazi wakacheka kwa kuwa ni kweli.

Bungoma ilikuwa na neema yake. Kila baada ya mwaka mmoja, katika miaka inayogawika kwa mbili, vijana wa Kibukusu hutahiriwa Agosti, na Desemba wanapotoka jandoni sharti wavishwe nguo mpya kuanzia utosini hadi unyayoni. Hakuna baba anayekubali mwanawe atoke na shati kuukuu. Mashangazi nao hutaka leso, na babu hutaka blanketi. Desemba moja ya namna hiyo iliuza zaidi ya nusu ya mwaka wa kawaida.

Mzee alipopooza upande mmoja, mwanawe Huzaifa alirudi kutoka Nairobi, alikokuwa msimamizi katika duka la matajiri, akashika usukani. Alikuwa mchapakazi, hilo tusimnyime. Ila alikuwa na maradhi ya kukionea haya kile kilichomlea.

Ikasadifu kwamba siku hizohizo kampuni moja ya kigeni ilileta wahandisi wake kujenga barabara. Walipanga nyumba nzuri, wakala hotelini, na wakawa wanaulizia viatu vya Italia na saa za dhahabu. Huzaifa aliona nyota ya jaha imemwangukia. Alilibadili duka jina likawa Hamdun Royal, akatandika zulia jeupe, akaweka rafu za vioo na mikoba ya ngozi ambayo moja ilitosha kununua ng'ombe wa maziwa. Kabla ya miezi sita kwisha alikuwa amefungua duka la tatu kule Kanduyi. Utepe ulikatwa, keki ikaliwa, na wakubwa wakaja kupigwa picha. Kwa kweli fedha ziliingia, na waliokuwa na shaka wakafunga midomo.

Aliyebaki akisema alikuwa Wilkista, mjane aliyemfanyia Hamdun kazi miaka kumi na tisa na sasa alikuwa msimamizi wa duka la Bungoma. Juni ya mwaka 2022, Huzaifa alimwagiza auze blanketi zote na mashati ya vijana kwa Makokha, mchuuzi mwenye kibanda ng'ambo ya barabara.

"Ati zote, Bosi?" Wilkista aliuliza. "Na kwa bei ya kutupa?"

"Zote. Nahitaji nafasi ya mikoba."

"Lakini huu si ni mwaka wa tohara, bana? Agosti watoto wanaingia, Desemba wanatoka. Watu watajaa hapa."

"Watajaa na matope. Mhandisi mmoja akinunua saa, nimeuza kushinda boma nzima ya hao watu wako."

"Hao wahandisi wako na kwao, Bosi. Barabara ikiisha, wataenda. Sisi tutaenda wapi? Sisi ni wa hapa."

Huzaifa alitia masikio pamba. Sikio la kufa halisikii dawa, na la kwake lilikuwa limekwisha kufa zamani.

Desemba ikafika. Siku moja asubuhi, mkulima mmoja aitwaye Mukhisa alikuja kwenye duka la Bungoma na mkewe Pauline, wanawe wawili waliotoka jandoni wiki hiyo, na jamaa wengine kumi. Mvua ilikuwa imenyesha. Kemboi, mlinzi wa mlango, aliwatazama viatu, akainamisha uso.

"Mzee, samahani sana. Mvue viatu muache hapa nje, halafu muingie wawili wawili. Ni amri ya bosi."

Mukhisa aliwageukia wanawe. Walikuwa wamesimama wima, vifua mbele, watu wakiwatazama.

"Hawa ni wanaume tangu Agosti," alisema polepole. "Mwanaume aliyetoka jandoni havuliwi viatu barabarani kama mtoto. Mwaka wangu mimi, Hamdun alinivisha hapa kwa mkono wake, na nilikuwa na matope mpaka magoti. Basi, waambie tulipita."

Wakavuka barabara wote kumi na wanne, wakaingia kwa Makokha. Wilkista aliyaona hayo yote kupitia kioo, akalia mbele ya wateja bila kujificha. Habari ilienea Bungoma yote kabla ya jua kuchwa, na kufikia Krismasi Makokha alikuwa amemaliza blanketi zilizokuwa bado zina lebo ya Hamdun.

Februari ya mwaka 2024 barabara ilikamilika. Wahandisi walifunga virago kwa wiki moja, wakapanda ndege, na hakuna aliyekumbuka kumuaga Huzaifa. Saa za dhahabu zilibaki katika kabati za vioo zikionyesha saa bila mtu wa kuzitazama. Wakubwa waliokuwa wakipigwa picha hawakuwahi kununua hata soksi. Duka la Kanduyi lilifungwa kwanza, likafuata lile la Kitale. Wafanyakazi thelathini na wanne walirudi nyumbani mikono mitupu, Rosaline akiwamo, na hata Kemboi wa mlango wa Bungoma akaachishwa kazi.

Wakati huo wote Mzee Hamdun alikuwa kitandani nyumbani kwake, mtaa wa Tuwan mjini Kitale. Kila Ijumaa alimuuliza mwanawe, kwa ulimi uliokuwa mzito, "Duka je?" Na kila Ijumaa Huzaifa alimjibu, "Salama, Baba."

Ulikuwa tena mwaka wa tohara. Huzaifa alikusanya kila alichobakiwa nacho, akanunua blanketi na mashati, akang'oa zulia la Bungoma kwa mikono yake. Desemba ilipofika alisimama mlangoni mwenyewe, akikaribisha watu. Walimsalimu kwa adabu, wakavuka barabara. Siku ya nne alimwona Mukhisa akija na mtoto wa nduguye.

"Mzee Mukhisa, karibuni! Kila kitu kipo. Ingieni hata na viatu."

Mukhisa alisimama, akampa mkono.

"Baba yako anaendeleaje?"

"Yuko vilevile."

"Msalimie sana. Sisi tulishazoea kwa Makokha, kijana wangu. Huyo anajua hata saizi za watoto wetu."

Hakuwa na hasira. Huzaifa alitamani angetukanwa, maana mtu anayekutukana bado ana neno nawe. Msimu wote aliuza blanketi kumi na moja. Januari madalali walibeba rafu za vioo, na Wilkista akafunga mlango kwa mara ya mwisho.

Ijumaa iliyofuata, baada ya swala, Huzaifa aliketi kando ya kitanda cha baba yake.

"Baba, nimekudanganya. Duka limekwisha. Yote matatu."

Mzee aligeuza uso kumtazama.

"Na watu wa Desemba?" aliuliza.

"Wako kwa Makokha."

"Watoto walivaa?"

"Walivaa, Baba."

"Alhamdulillahi," mzee alisema, kisha akageukia ukutani. Hakuliulizia duka tena. Alifariki kabla ya Ramadhani. Walikuja kumzika wakulima wa Endebess na watu wengi wa Bungoma, Mukhisa akiwa miongoni mwao. Walimpa Huzaifa mkono wa pole mmoja mmoja, na hakuna hata mmoja aliyemuuliza atafungua tena lini. Njiani kurudi, mzee mmoja wa msikitini alitikisa kichwa, akasema lile ambalo kila mtu alikuwa nalo moyoni: usiache mbachao kwa msala upitao.