Shemeji Buku na Gunia la Mchele

Hapo kale, wanangu, kale ya juzijuzi tu maana nyumba zilikuwa na umeme tayari, alikuwapo panya mdogo jina lake Bi Somoe. Alikuwa mjane mwenye watoto wanne, na makao yake yalikuwa nyuma ya jiko la Bi Rukia, mshona nguo wa Tanga.

Bi Somoe aliijua nyumba ile kuliko mwenyewe. Bi Rukia akitoka asubuhi kwenda kwenye cherehani yake, panya nao hutoka. Huokota punje za wali zilizodondoka na vipande vya chapati, basi.

"Gunia msiguse, nguo msitafune," aliwaambia wanawe. "Mtu akikosa punje hajui. Akiona tundu, hatukai."

Siku moja akaingia panya buku kutoka mashamba ya mkonge, mkubwa kama kiatu cha askari, mashavu yamemning'inia.

"Hodi, shemeji," akasema.

"Shemeji wa wapi? Marehemu mume wangu hakuwa na ndugu wa kimo hicho."

"Panya wote ukoo mmoja. Sogea nikae."

Akakaa. Kesho yake, kwaruzu kwaruzu, akatoboa gunia la mchele, akajaza mashavu mawili, na mwingine ukamwagika sakafuni.

"Shemeji," Bi Somoe akamwambia, "hapa mjini hatuli hivyo. Nimekwambia jana, nimekwambia leo asubuhi. Hata watoto wangu wameshaelewa."

"Mimi sili makombo," Buku akajibu, mchele ukimtoka mdomoni.

Bi Somoe akashika kichwa. Akaanza kuufagia mchele kwa kijiti cha ufagio, akachoka, akakiacha.

Bi Rukia alipoliona tundu, alileta paka dume, Shume. Shume akamrukia Buku, Buku akamng'ata pua. Tangu hapo Shume hakumsogelea tena. Alihamia mlangoni kwa Bi Somoe, akakaa pale kutwa nzima. Siku mbili watoto hawakula. Yule wa mwisho akaacha hata kulia.

Bi Somoe akasema na paka kutoka ndani. "Shume, gunia katoboa nani?"

"Yule mkubwa."

"Sasa mbona umekaa kwangu?"

Shume akajilamba pua. "Wewe hung'ati."

"Haya. Lakini leo nimemsikia Bi Rukia akisema, gunia likitobolewa tena anakurudisha ulikotoka, soko la samaki. Niachie njia mpaka adhuhuri nikuondolee Buku. Sifa uchukue wewe."

Shume akafikiri, kisha akasogea.

Asubuhi hiyo Bi Rukia alikuwa ametega mtego wa waya chini ya meza, ndani yake kipande cha samaki wa kukaanga. Bi Somoe akauzunguka kwa mbali, akautazama mlango wake na springi ya kuufunga. Kisha akachukua majani makavu, akayapanga nje ya mlango kama mtu anayehamia.

Buku akaja. "Unafanya nini?"

"Nahama, shemeji. Nimepata nyumba yenye madirisha pande zote na kitoweo ndani. Ila ni ndogo, inatutosha mimi na wanangu tu. Usiingie, tafadhali."

"Nani wa kunizuia?"

"Nakuomba kwa heshima, usiingie."

Buku akamsukuma kando, akaingia, akashika samaki. Chwap, mlango ukajifunga.

"Nilikwambia usiingie," Bi Somoe akasema. "Hata hilo hukulisikia."

Bi Rukia aliporudi alimkuta Shume amekaa juu ya mtego, kifua mbele. Akampa maziwa. Jirani mwenye baiskeli akambeba Buku hadi mashamba ya mkonge, akamwachia huko.

Shume alipomaliza maziwa alirudi kwenye tundu la Bi Somoe. "Adhuhuri imepita," akasema. "Ahadi yetu imekwisha. Toka."

Bi Somoe alikuwa amechoka kweli. Akajibu bila hata kuinuka, "Unile, mimi na watoto wangu. Halafu Bi Rukia atakaa na nyumba isiyo na panya hata mmoja, atakutazama unavyolala, atajiuliza maziwa anakupa ya nini."

Shume akauliza, "Sasa nifanye nini?"

"Nenda kalale. Mengine niachie mimi."

Akaenda. Na kila Ijumaa, Bi Rukia akiwa kazini, Bi Somoe alipanda rafuni akaacha kinyesi kimoja tu, kidogo kama mbegu ya ufuta, pale ambapo Bi Rukia hawezi kukosa kukiona. Bi Rukia akikiona huguna, humwongezea Shume maziwa. Shume hunywa, hulala. Watoto wa Bi Somoe hutoka kuokota punje zao.

Hadithi imefika mwisho, wanangu, na funzo lake ni hili: ukiishi na wenye nguvu, jua wanachokitaka.