Aliyekula Kabla ya Baba Yake

Ndugu zangu, msifunge Biblia zenu bado. Nina kisa kidogo cha kuwapa, nacho nimekitunga mwenyewe, kwa hiyo mama zangu wa kwaya msianze kutazamana mkitafuta ni nani.

Alikuwepo mwandishi mmoja wa gazeti, binti mchapakazi, mwenye kalamu iliyoweza kumliza hata dalali wa viwanja. Mhariri wake akamtuma aandike habari za watu wanaouguza wazazi wao nyumbani. Akaelekezwa kwa mama mmoja mtu mzima, aliyekuwa akimuuguza baba yake tangu mzee apatwe na kiharusi. Mtaa mzima ulimwita mama yule malaika.

Mwandishi akashinda pale kutwa. Akaona mzee anavyogeuzwa, anavyooshwa, anavyobebwa mpaka kwenye kiti chake barazani. Mchana akaona anavyolishwa kijiko kwa kijiko, taratibu, mdomo ukifutwa, mpaka bakuli likaisha. Mama mwenyewe hakugusa chakula. Jikoni palikuwa na sahani moja chafu kwenye karai, mwandishi akadhani ni ya jana. Na mnajua tulivyolelewa: mtoto hatangulii kula huku baba yake anangoja. Basi hakuuliza. Aulize nini, wakati jambo lenyewe linajieleza? Akaenda kuandika kwamba binti huyu humlisha baba yake kwanza kila siku, na yeye hula makombo, kama yamebaki. Mhariri aliposoma hapo alivua miwani akafuta macho, akasema habari hii inakwenda ukurasa wa mbele.

Lakini mwandishi huyu alikuwa na desturi moja nzuri. Kabla habari haijachapwa, alirudi kumsomea mwenyewe. Akaketi barazani, mzee kwenye kiti chake, binti yake mkekani, akawasomea. Alipofika kwenye makombo, yule mama akaanza kulia. Mwandishi akafurahi moyoni. Niambieni ukweli, nani kati yetu asingefurahi? Alijua habari imegusa penyewe. Kumbe mwenzake analia kwa jambo jingine kabisa.

"Futa hapo, mwanangu," mama akasema. "Mimi nakula kwanza. Nakula jikoni, nimesimama, haraka haraka, baba asijue. Nikiwa na njaa nina hasira, mkono unakosa subira. Kuna siku nilimsukumia kijiko mpaka mdomo ukatoka damu. Tangu siku ile simlishi baba nikiwa na njaa."

Mwandishi alishikwa na aibu, na juu ya aibu hofu. Akamweleza yule mama kwamba akiliandika hilo watu watamsema vibaya, na mhariri huenda akaitupa habari yote. Akashauri wafute sentensi ile moja tu, mengine yabaki, ili watu waendelee kumheshimu.

Mama akatikisa kichwa. Akasema heshima hiyo anayo miaka yote, na haijawahi hata mara moja kuja kukaa na baba yake ili yeye akalale kidogo.

Hapo mzee akagonga kiti kwa mkono wake mzima. Maneno yake yalitoka nusu nusu, ikabidi wamsubiri.

"Najua," akasema. "Nasikia mwiko kwenye sufuria, ukijipakulia. Nikiusikia nashukuru Mungu. Najua leo nitalishwa polepole."

Yule mama alicheka huku machozi yanamtoka. Miaka yote alikuwa anajificha jikoni kwake mwenyewe kama mwizi, na baba yake yuko barazani anamsikiliza, anafurahi kwamba mwanawe anakula. Hebu fikirieni mzigo uliomtoka mabegani siku ile. Mwandishi naye alitulia, akaona kuwa habari aliyoibuni ilikuwa nzuri, ila ya kweli ilikuwa nzuri zaidi, na ilikaa kwenye karai kutwa nzima akaipita. Akaandika upya, na sahani, na damu, na mwiko.

Safari hii mhariri hakufuta macho. Aliuliza tu kama ni kweli. Akaambiwa ni kweli, na wenyewe wamesomewa wakaridhia. Akasema basi iende.

Gazeti lilipotoka, mwandishi akaenda kwa yule mama kwa miguu mizito, akijua leo atalaumiwa. Akamkuta barazani wifi wa yule mama, ambaye kila Jumapili alikuwa akituma ujumbe kwenye simu, "Wifi una moyo, Mungu akubariki." Leo amekuja mwenyewe na kapu lake, amejifunga khanga, ameshika bakuli la mzee.

"Wifi, nilidhani wewe huchoki," alikuwa anasema. "Kaa ule. Leo namlisha mimi."

Na yule mama alikuwa ameketi mkekani mbele ya baba yake, mchana kweupe, sahani mapajani, anatafuna taratibu. Mzee alikuwa akimtazama na kutabasamu kwa upande mmoja wa uso.

Wapendwa, mnadhani sasa nitawasema waandishi wa habari? Hao wana wahariri wao. Nawauliza ninyi na kujiuliza mimi: lile neno malaika, nani alilitunga? Mwandishi alilikuta mtaani. Ni sisi tuliolitunga, kwa sababu linatufaa. Malaika hachoki. Malaika hana njaa. Malaika hahitaji mtu wa kumpokea zamu. Tukishamwita mtu hivyo, tunaweza kwenda zetu nyumbani tukapakua chakula kwa amani.

Humu kanisani kwetu yupo mtu ambaye tukimtaja tunasema, "Yule ana moyo." Geukeni mtazame benchi analokaa. Hayupo. Tangu lini hayupo, na nani alikwenda kuuliza? Tukitoka hapa, usiende kumwambia kwamba amebarikiwa. Mwambie, "Umekula?" Halafu unyamaze umwache ajibu ukweli wake, hata ukiwa mchungu. Na anapojibu, bakuli la mgonjwa liwe tayari mikononi mwako.