Sauti Saba za Bi Pelele

Wanangu, hebu fumbeni macho. Oneni mlima wa mawe, mkubwa, mkimya. Katikati yake kuna pango, na ndani ya pango mna bakuli moja, mkeka mmoja, na pimbi mmoja, Bi Pelele.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakilipa kodi, Bi Pelele aliishi humo peke yake. Ukame ulikuwa umemchukulia mume na watoto. Kila asubuhi aliliuliza pango, "Umeamkaje?" Nalo likamrudishia, "Umeamkaje... amkaje... kaje..." Hakuwa na mwingine wa kumjibu.

Kodi ilikuwa kibaba cha mtama kwa kila kinywa. Mtama huo ungewalipa wachimba kisima. Lakini kichimbwe wapi? Hilo liliamuliwa barazani. Mkuu wa baraza, Mzee Kiboko, alitaka kiwe karibu na mto, anakoishi yeye. Bi Pelele alipokwenda kusema neno, Kiboko alimzuia mlangoni.

"Baraza ni la wenye familia, mama. Wewe uko peke yako. Utamsemea nani?"

"Mbona kibaba changu mnakipokea?"

"Kibaba hakina maneno mengi kama wewe."

Baraza zima likacheka. Bi Pelele akarudi mlimani kupitia mtoni, mtungi wa maji kichwani, mwendo wa nusu siku.

Msimu uliofuata, puu, puu, puu, Bwana Kifaru, mtoza kodi, akapanda mlima. Macho yake yalikuwa mabovu, hivyo alihesabu kwa masikio. Alipiga hodi, na kila sauti iliyoitikia aliichanjia alama kwenye fimbo.

"Hodi!"

Bi Pelele akaingia ndani kabisa ya pango. "Karibu!"

"Karibu... karibu... karibu... karibu... karibu... karibu..." likaitikia pango.

Kwaru, kwaru, kwaru. Kifaru akachanja alama saba. "Kumbe mmeongezeka, shemeji. Vibaba saba."

"Nitavileta barazani mwenyewe."

Siku ya baraza ikafika, na Kifaru akamkabidhi Kiboko fimbo yake.

"Wewe tena?" Kiboko akaguna. "Si nilikwambia, wenye familia tu?"

"Isome fimbo, mzee."

Kiboko akaisoma. "Saba. Haya, wako wapi wenzio?"

"Sina mwenzangu. Ni pango tu linaniitikia." "Fimbo ikiwa ya kweli, nina familia, nipeni kigoda. Ikiwa ya uongo, wote waliochanjwa humo watataka kuhesabiwa upya."



"Mimi nilichanjwa tisa," Nguchiro akanong'ona, "na nyumbani tuko wanne."

Minong'ono ikazagaa. Kiboko akajikuna shingo. "Unataka nini basi, mama?"

"Nihesabuni mmoja. Kibaba kimoja, kigoda kimoja."

Wakampa, karibu na mlango. Naye akasema neno lake, kwamba wa mtoni wana maji tayari, na kisima kikachimbwa chini ya mlima wa mawe.

Jioni hiyo Bi Pelele alikunjua mkeka wake, akaketi. "Nimehesabiwa," akaliambia pango.

"Nimehesabiwa... hesabiwa... sabiwa..."

Wanangu, naomba mkumbuke jambo moja tu: anayehesabiwa siku ya kutoa, ahesabiwe pia siku ya kuamua.