Gogo la Buchani

Mwenzangu, umewahi kutamani kitu, ukakikunja kama nguo ya akiba, kisha ukakikalia? Wahenga walituonya: mficha uchi hazai. Maana yake, anayeificha haja yake asitarajie kuipata.

Palikuwa na fundi cherehani na mumewe, muuza nyama. Miaka thelathini na minane mume alitoka alfajiri kwenda buchani, mke akabaki na cherehani yake. Wakawa kama mlango na dirisha: nyumba moja, lakini hawakutani. Mzee alipostaafu, alirudi na visu sita na gogo lake la kukatia nyama.

"Mama watoto," alisema macho yakimeta, "tangu nione sarakasi utotoni natamani kurusha visu. Nitatengeneza uwanja hapo nyuma."

Moyo wa mke uliruka. Na yeye alitaka! Lakini bibi wa wajukuu saba angeanzaje kusema?

"Haya," akajibu tu.

Wakashika kazi. Gogo walilisimamisha kwa ubavu juu ya matofali, uso wake ukielekea nyumba. Nyuma yake wakapanga milango miwili mikuukuu, ili kisu kitakachopotea kisimfuate jirani. Mke akahamisha kamba ya nguo, akatia komeo getini, akapima hatua kwa futi yake ya kushonea, kisha akachora mstari kwa chaki juu ya saruji.

Mzee naye, mazoea yana tabu! Alivinoa visu vyote hadi vikanyoa malaika ya mkono. Alipokishika cha kwanza kwa bapa ili arushe, kikamchana kidole. Mke akamfunga kitambaa taratibu, kama anayepiga pindo.

"Sindano haina makali, baba watoto. Ina ncha tu, na jinzi inaipenya. Yaue hayo makali kwa tupa."

"Yaani unanifundisha visu, mimi!" Mzee akacheka mpaka pengo likaonekana. Lakini tupa aliichukua.

Basi akarusha. Siku za mwanzo visu viligonga gogo, ko! vikaanguka. Baadaye vikaanza kukwama, kimoja kimoja. Mke aliviokota na kumrudishia, midomo imeshonwa. Kila alipokishika kisu, alikipima uzito kidogo kabla ya kukitoa.

"Unataka kitu?" mzee aliuliza.

"Sitaki kitu."

Akauliza siku ya pili, na ya tatu. Jibu likawa lile lile. Mzee akadhani mwenzake amenuna.

Siku ya saba asubuhi, mke alitoka nje akakuta milango imelazwa chini na gogo limefungwa kamba.

"Unalipeleka wapi?"

"Kwa jirani, akapasue kuni." Mzee hakuinua macho. "Naona mchezo huu unakukera. Nilikuacha peke yako miaka yote ile, mama watoto. Uzeeni nisikukere tena."

Machozi yakamlenga mke. Aliona haja yake inakwenda kuwa majivu, na aliyeichoma ni yeye mwenyewe kwa kunyamaza. Akapiga magoti, vidole vyake vya ushonaji vikafumua fundo la kamba. Akachukua kisu kimoja, akaenda kusimama kwenye mstari wa chaki, akaacha nafasi ya mtu mmoja kando yake.

"Wamesema kweli, mficha uchi hazai," alisema. "Baba watoto, nataka kurusha na mimi. Nataka turushe pamoja."