Madirisha Yaliyofungwa kwa Nje

Mtaka hadithi mchana sharti afunge madirisha.

Mmeisikia leo asubuhi kwa fundi Mshana, alipomwambia yule kijana anayetaka kufundishwa kushona suti na huku hataki kufagia kibanda. Mkacheka, mkadhani ni maneno ya kumkomoa. Sasa mnaniuliza yametoka wapi. Endeleeni kuchambua hayo maharage, mikono haina masikio. Nami naweza kuwaambia jua likiwa juu hivi kwa sababu hii si hadithi, ni jambo lililotokea. Methali hii ilianza hivi.

Huko milimani Upare, katika kijiji cha Mkomboa kinacholima tangawizi, palikuwa na ghala la kahawa la zamani ambalo wanakijiji waliligeuza maktaba. Lilikuwa na kuta za mawe, mlango mmoja, na madirisha ya mbao yaliyofungwa kwa makomeo ya nje, kwa kuwa waliolijenga walikuwa wakifungia magunia, si watu. Mtunza maktaba aliitwa Naelijwa, binti wa marehemu mchungaji Mrutu. Alikuwa mwanamke mwembamba asiyejua kutulia. Hata akikaa, mguu wake mmoja ulibaki ukitembea.

Mwaka ule alikuwa na sababu ya kutotulia. Kijiji kilipata mbolea nyingi na hapakuwa na pa kuiweka. Mwenyekiti, Mzee Kiangi, akasema wazi mkutanoni, "Vitabu tutaviweka kwenye masanduku. Mbolea ikinyeshewa tutakula nini?" Hakuwa mtu mbaya. Alisema alichokiona: mchana watu wako shambani, jioni wamechoka, na maktaba inakaliwa na Naelijwa pamoja na buibui. Wilaya ikaahidi kumtuma afisa wake, Bwana Chamshama, aje Alhamisi alione jengo lenyewe na kuamua.

Naelijwa alikosa usingizi. Alifuta vumbi mahali alipokwisha kufuta, akapanga vitabu, akavipangua. Mwisho akampigia simu Elieskia, mwandishi wa vitabu aliyesoma naye shule moja na sasa anaishi Same mjini.

"Dada," Elieskia alimwambia, "watu hawaji kwenye kitabu. Huja kwenye hadithi, kisha ndipo huulizia kitabu. Huko kwenu nani anasimulia?"

"Bibi Nakajwa. Lakini mimi sijawahi kumsikia."

"Umezaliwa hapo, hujamsikia?"

"Baba alitulaza mapema. Alisema ngano za jikoni zinawafanya watoto wasinzie kanisani."

Alilisema kwa kucheka, lakini lilikuwa doa lililomkaa moyoni tangu utotoni. Akilala kitandani alikuwa akisikia kicheko cha wenzake ng'ambo ya migomba, asijue wanachekea nini. Ndiyo maana alipomfuata Bibi Nakajwa mferejini alikokuwa akiosha tangawizi, alikwenda nusu mbio.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Mbona unahema, umefukuzwa?"

"Nimekuja kukualika maktaba Alhamisi, saa nne asubuhi. Watu wote watakuja kwa ajili yako."

"Nikiitwa naja."

"Nashukuru sana, Bibi."

"Usinishukuru. Sijafika."

Naelijwa akarudi mbio kwenda kutangaza. Hakuuliza zaidi. Hapo ndipo alipokosea.

Alhamisi ilipofika, watu walikuja kweli. Jina la Bibi Nakajwa lilitosha. Wanawake waliinjika makande ya wageni nyuma ya jengo, wakafunga mbuzi wao vichakani, wakaingia na watoto migongoni. Wale watoto wakubwa kidogo walikataa kuingia, wakabaki kukimbizana nje, karibu na ndiva, lile bwawa la kukinga maji ya kumwagilia mashamba.

Elieskia alianza kwa kusoma kitabu chake. Alisoma vizuri, lakini watu hawakutulia. Huyu alichungulia dirishani akanong'ona, "Mbuzi wa nani yule amekata kamba?" Yule alitoka kutazama makande, akarudi, akatoka mwingine. Mama mmoja akamwita mtoto wake kupitia dirishani katikati ya sentensi. Elieskia akafunga kitabu kwa heshima, akajipangusa jasho. Naelijwa naye alikuwa akienda mlangoni kila mara kuitazama njia ya bodaboda.

"Bibi," akasema, "sasa ni wewe. Tusimulie."

Bibi Nakajwa alikuwa amekaa mkekani, fimbo mapajani. "Mchana huu?"

Watu wakacheka, wakidhani ameanza.

"Uliniita nije," Bibi akaendelea, "nami nimekuja. Hukusema nisimulie jua likiwa juu."

"Lakini Bibi, hayo kwamba asimuliaye mchana huota pembe ni ya kutishia watoto," alisema Nakunda, mke wa kinyozi.

"Pembe sijapata kuziona, mwanangu. Nilichokiona ni ndiva. Mama yangu alisimulia mchana, siku ya kuvuna, ili watu wasione uchovu. Alikuwa hodari kunishinda mimi. Kila mtu alimsikiliza, na aliyeachiwa kumlinda mdogo wangu alimsikiliza vilevile. Hadithi ilipokwisha tulimkuta mdogo wangu ndivani, anaelea." Akainyoosha kanga yake magotini. "Usiku mbuzi wako zizini, moto umefukiwa, watoto wako mapajani. Hapo masikio yana ruhusa. Mchana una wenyewe, nao ni macho."

Mzee Kiangi akakohoa. "Basi tutawanyike taratibu. Afisa akifika atakuta tumemaliza, nami nitamweleza."

Naelijwa alijua afisa atakavyoelezwa. Alikwenda mlangoni, akarudi, akasimama mbele ya Bibi.

"Bibi, na tukifunga madirisha?"

"Giza litawafanya hawa wasichungulie. Lakini macho ya huko nje atabaki nayo nani?"

Kila mtu akamtazama jirani yake. Nakunda akasema, "Mimi nikiikosa hii, nitasimuliwa na mume wangu, na mnamjua anavyoharibu maneno." Mzee Kiangi akasema haijaonekana mwenyekiti akichunga mbuzi. Elieskia akainamisha kichwa. "Dada, nimepanda mlima huu wote nimsikie. Ukiniambia nitoke, nitatoka. Ila usiniambie."

Watu wakacheka, lakini Naelijwa hakucheka. Alikuwa amesubiri sauti hiyo tangu akiwa mtoto, kitandani, blanketi kidevuni. Pia alikuwa amejifunza kwa moyo maneno ya kumpokelea afisa, akiwa amesimama kando ya rafu zake.

"Nitabaki nje mimi," akasema.

Bibi Nakajwa aliishika fimbo yake. "Mlango usifunguliwe mpaka nitakapougonga. Mwanga ukiingia, nimemaliza."

Naelijwa akatoka, akauvuta mlango, akazunguka jengo akikaza komeo baada ya komeo. Alipokaza la mwisho alisikia ndani sauti ya Bibi, kama imetoka chini ya ardhi: "Hadithi, hadithi." Na watu wote kwa pamoja: "Hadithi njoo, utamu kolea."

Hakupata zaidi ya hapo. Mtoto wa Nakunda alikuwa ameshavua viatu anaielekea ndiva. Akamkimbilia, akambeba, akamkuta mwenzake amepanda rundo la kuni. Mbuzi dume aliyekata kamba aliingia kwenye tangawizi ya watu. Kila alipopita karibu na ukuta aliokota neno moja: fisi, ufunguo, mke wa mhunzi. Akijaribu kuyaunga, makande yanafurika. Alikimbia huku akiomba kimoyomoyo, Bwana nisaidie huyu mtoto asiteleze, Bwana nisaidie huyu mbuzi asile. Kanga ilimlegea akaifunga kiunoni, na vumbi likampanda mpaka kwenye nyusi.

Ndivyo Bwana Chamshama alivyomkuta aliposhuka kwenye bodaboda: mwiko mkono mmoja, kamba ya mbuzi mkono wa pili.

"Namtafuta mtunza maktaba."

"Ndiye mimi, bwana mkubwa. Karibu."

Afisa alimtazama mbuzi. "Na maktaba?"

"Ndiyo hii."

"Imefungwa."

"Imefungwa, lakini imejaa."

"Mama, nimeambiwa jengo hili halina watu, na ninaloliona ni ghala lililokomelewa. Fungua nione."

Maneno yote aliyojifunza yalimtoka kichwani. Akifungua, mwanga utaingia, Bibi atanyamaza, na watu watatoka na nusu ya hadithi na chuki nzima. Asipofungua, kesho yake mbolea inaingia. Mguu wake ulianza kutembea wenyewe.

"Sifungui," akasema. "Nisamehe. Weka sikio hapo kwenye ubao."

"Nimetoka Same kukagua jengo, sikuja kusikiliza mbao."

Kabla hajamaliza, ndani watu waliangua kicheko kimoja kikubwa hata mabati yakalia. Afisa akageuka. Na saa ileile harufu ya makande yanayoungua ikafika puani mwa Naelijwa, na mtoto akaanza kulia upande wa ndiva. Hakuwa na nafasi ya kuagana. Alimtupia afisa kamba ya mbuzi, akakimbia, akimwacha peke yake na komeo ambalo hata kidole kingetosha kulifungua.

Mtoto alikuwa amejikwaa tu. Naelijwa alimbeba, akapunguza moto, akarudi akitazamia kuona mlango wazi na watu wametawanyika. Madirisha yalikuwa yamefungwa vilevile. Bwana Chamshama alikuwa amechuchumaa, kamba ya mbuzi imezungushwa mkononi, sikio limebandikwa kwenye ubao. Naelijwa alipofungua kinywa, afisa aliinua kidole.

"Subiri kwanza," alinong'ona. "Fisi amefika mlangoni."

Walibaki hivyo, yeye akisikiliza, Naelijwa akizunguka. Hatimaye fimbo iligonga mlango kwa ndani. Watu walitoka wakifinya macho kama waliotoka usingizini, na kila mama akamtafuta mtoto wake kwa macho, akamwona. Hapo likatokea jambo ambalo Naelijwa hakulitegemea. Nakunda aligeuka akarudi ndani. "Mwandishi, humu hamna nyingine za fisi?" Wengine wakamfuata. Elieskia akawa anateremsha vitabu rafuni, na hakuna aliyeulizia kile alichokiandika yeye.

Bwana Chamshama alimrudishia Naelijwa kamba yake, akamwambia Mzee Kiangi, "Mbolea itafutiwe paa jingine." Kisha akamwendea Bibi Nakajwa, akamwamkia. "Bibi, jambo moja limenishangaza. Huyu ndiye aliyewaita watu. Mbona mmemfungia nje?"

"Hatukumfungia. Alijifungia." Bibi alilitazama jengo. "Mtaka hadithi mchana sharti afunge madirisha. Na ya hapa, baba, hufungwa kwa nje."

Naelijwa alisubiri watu wapungue, akamsogelea Bibi, vumbi usoni.

"Bibi, mwisho wake ulikuwaje?"

"Jua bado liko juu, mwanangu. Njoo kwangu likizama. Mbuzi umwache."

Akaenda jioni ileile. Wanasema alikaa mpaka mwisho, na mguu wake haukutikisika.

Basi huyo kijana wa fundi Mshana akiwauliza kwa nini apewe ufagio kabla ya sindano, mwambieni kama nilivyowaambia mimi: mtaka hadithi mchana sharti afunge madirisha.