Kitanda Kilichotembea Vijiji Vitatu

Niseme, nisiseme?
— Sema!
Ina miiba!
— Tutaimeza!
Atakayekwamwa?
— Shauri yake!

Haya. Wewe mwenye kofia pale nyuma, unayenikodolea macho, najua hutaniamini. Usiamini! Thubutu! Mimi shule niliishia darasa la tano, nikatokea dirishani, lakini wa kunishinda kusema katika kata hii hajazaliwa. Kama yupo, asimame. Mnaona? Kimya.

Hapo kale, kale ya jana na juzi, palikuwa na kijiji kikiitwa Kitopeni. Kitopeni kulikuwa na zahanati. Ina kuta, ina bati, ina bango kubwa kuliko mlango. Kitanda je? Hakuna! Mwanamke akija kujifungua anatandikiwa khanga sakafuni, kwenye saruji, baridi kama tumbo la chura.

Basi palikuwa na mwanamke, jina lake Chausiku. Mtoto wake wa kwanza alizaliwa kwenye saruji ile, Jumatatu, katikati ya masika. Akashikwa na kifua. Ijumaa wakamzika. Hapo msicheke.

Sasa Chausiku ana mimba nyingine, imeingia mwezi wa tisa. Akaenda kwa Bwana Mshindo, mtendaji wa kata.

"Mtendaji, kitanda."

"Mchakato unaendelea, mama."

Akarudi wiki ya pili. "Mtendaji, kitanda."

"Mchakato unaendelea, mama."

Akarudi wiki ya tatu, miguu imevimba kama mihogo. "Mtendaji, kitanda!"

"Mama, husikii? Mchakato unaendelea!"

Mimi huyo mchakato sijui ni mnyama gani, ila anakula sana.

Asubuhi moja, ngurumo! Lori la halmashauri hilo. Likashusha vitanda sita vya chuma, magodoro bado yana nailoni. Watu wakapiga vigelegele mpaka kuku wakakimbia. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni alikuwa Mkaguzi kutoka mkoani, mama mmoja mwenye miwani, anakuja kuangalia zahanati tatu: Kitopeni, Mchangani na Majanini. Vitanda vilitakiwa viwe kumi na vinane. Vilinunuliwa sita. Kumi na viwili muulizeni mchakato.

"Wagonjwa!" Mshindo akapiga kelele. "Nipeni wagonjwa upesi, vitanda vitupu vitanisema!"

Watu wazima na afya zao wakalala. Golikipa wa kijiji akafungwa bandeji kichwani. Chausiku hakungoja kuitwa. Alipanda cha kwanza, akajinyoosha, akashika chuma kwa mikono miwili. Moyoni akasema, hapa sishuki.

Mkaguzi akaingia. "Hujambo mama? Unahudumiwa vizuri?"

Mshindo akamkazia macho Chausiku, macho ya paka kwa panya.

"Vizuri, mheshimiwa. Kitanda kizuri. Sijapata kukiona!"

Mkaguzi akaandika. Mshindo akampeleka kunywa chai, chai ya maandazi na kuku wa kuchoma, chai ndefu. Huku nyuma wapakizi wa lori wakaruka.

"Haya, shukeni! Golikipa, umepona, ondoka! Mama, shuka."

"Sishuki."

"Mama, tunawahi Mchangani!"

"Nami nawahi. Mimba haina breki. Mkikitaka kitanda, nibebeni."

Wakapimana kwa macho. Muda hakuna. Nesi Kandida, aliyempokea yule mtoto wa Jumatatu, akaparamia lori na beseni lake, akasema, "Bebeni. Mmebeba uongo mzima, mtashindwa mwanamke mmoja?"

Wakambeba. Lori likakata njia ya mkato, gari la mgeni likazunguka barabara kubwa. Kishimo hiki, paa! Kishimo kile, paa! Uchungu ukaanza. Chausiku akauma khanga. Hakulia.

Mchangani. Mkaguzi akaingia. "Hujambo mama? Unahudumiwa vizuri?"

"Vizuri, mheshimiwa. Kitanda hiki nimekizoea."

Mkaguzi akamtazama kidogo, akaandika. Chai tena. Lori tena. Paa! Paa! Uchungu ukaja kwa zamu, kama mawimbi ya bahari. Chausiku akauma chuma.

Majanini. Mkaguzi akaingia. "Hujambo mama? Unahudumiwa vizuri?"

"Vizuri, mheshimiwa," jasho linamtiririka. "Ila barabara ina mashimo."

Kalamu ikasimama. "Barabara gani, nawe umelazwa?"

"Hii tuliyokuja nayo leo, mimi na kitanda!"

Heee! Mshindo akakohoa. Akakohoa tena. Akasema mama anaweweseka, ana homa. Chausiku akatoa sauti aliyoifungia tangu Kitopeni, sauti ya mzazi, na ndani yake maneno: "Wangu wa kwanza alikufa kwa saruji yako, Mshindo! Huyu hagusi chini!"

Nesi akawafukuza wote nje. Jua halijatua, mtoto akalia. Wa kike. Juu ya godoro lenye nailoni!

Basi Mkaguzi akawaka. Akamvua Mshindo funguo za ofisi papo hapo. Mwezi haukwisha, vitanda kumi na viwili vikaletwa, kila zahanati sita vyake, na Kitopeni wakacheza ngoma siku tatu. Njia ya mwongo ni fupi!

Hadithi imetua mzigo.
— Mwenye bega apumzike!
Mwenye mdomo?
— Afunge!

Asanteni, asanteni kwa makofi.

Mbona hamwondoki? Wewe mwenye kofia, acha kunitazama hivyo. Sawa! Kuna kipande nimekiruka, maana kinanitia hasira, na makofi nayapenda.

Mkaguzi hakuwaka. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Akaandika: vituo vitatu, vitanda vipo. Akala kuku wa tatu. Mshindo alihamishwa, ndiyo, kwenye kata kubwa zaidi. Vitanda kumi na viwili havijaja mpaka leo.

Kilichorudi Kitopeni ni kimoja, kile kile, kwa sababu Chausiku alikataa kushuka hata baada ya kuzaa. Akarudi nacho juu ya lori, mtoto kifuani. Na tangu siku hiyo kitanda kile hakijapata kulala kitupu. Wanawake wamepangana zamu. Pasipokuwa na mzazi, hulala mzima, na mashuka anafua mwenzake. Lori limeshakuja mara tatu kukichukua. Mara tatu limekuta mwanamke juu yake, macho wazi, ameshika chuma.