Kunde Hazisomi Ripoti

"Kunde hazisomi ripoti." Wanafunzi wa kidato cha pili walimsikia mwalimu akimtupia mwenzao maneno hayo, wakacheka bila kujua wanachekea nini, kisha wakamfuata Bi Sechelela, mtunza maabara, aliyekuwa akisuuza chupa. Mama huyu ameziona ripoti nyingi kuliko mende wa kabati lake. Akafuta mikono, akawaambia kwamba usemi huo una mwenyewe, na ulizaliwa pale pale, kwenye dirisha la maabara.

Alikuwapo kijana wa kidato cha tatu aliyeitwa Chilongani, mwepesi wa kalamu kama mbuzi aliyeona shamba halina mlinzi. Mwaka huo shule ilipata nafasi moja tu ya kupeleka mwanafunzi kwenye maonyesho ya sayansi Dar es Salaam, na Chilongani alikuwa hajawahi kuvuka hata Gairo, mji wa njiani tu. Aliitaka nafasi ile kuliko alivyotaka kula.

Swali lake la utafiti lilikuwa zuri. Kwao kunde za mbegu huhifadhiwa kwenye majivu zisiliwe na wadudu. Akajiuliza: je, majivu huzifanya pia ziote vizuri zaidi? Akazika kunde ishirini kwenye majivu kutwa nzima, ishirini nyingine akaziacha kavu. Jumatatu akazipanda kwenye makopo mawili yenye majina, akayaweka dirishani mwa maabara.

Kusubiri ndiko kulikomshinda. Siku ile ile akaandika ripoti nzima, kuanzia utangulizi mpaka shukrani. Alimshukuru hata mlinzi wa geti. Penye matokeo aliandika kwamba kunde za majivu ziliota zote ishirini, na kavu kumi na moja. Chini yake akachora grafu yenye rangi kama kitenge cha harusi.

Ijumaa akaenda kuangalia. Kopo la kunde kavu lilikuwa limechipua miche kumi na minane. La majivu mitatu, nayo imeinama kama inaomba radhi.

Chilongani akatazama kulia, akatazama kushoto. Akabandua vikaratasi vya majina, cha huku akakibandika kule. Kwenye ripoti ishirini ikafutwa ikawa kumi na nane, kumi na moja ikawa tatu. Akaipeleka kwa Mwalimu Ndahani wa biolojia, mama aliyesoma ripoti taratibu kama anayechambua mchele.

"Chilongani, hii uliiandika lini?"

"Jumatatu, mwalimu. Tarehe iko hapo juu."

"Na kunde zimeota lini?"

"Jana… yaani, jana na leo."

"Kwa hiyo zilikaa kwenye kopo zikaisoma ripoti yako, zikaona zimepangiwa kazi, zikatii?"

"Nilikuwa naokoa muda, mwalimu."

"Kunde hazisomi ripoti, mwanangu. Haya, twende dirishani uniambie kopo lipi ni lipi."

Akasema ukweli, hata vikaratasi alivyovibadilisha, macho yakiwa sakafuni, akingoja adhabu. Lakini mwalimu alikuwa ameshainama dirishani, anaichungulia ile miche mitatu kwa karibu mpaka miwani ikagusa udongo.

"Hii ndiyo inayonishangaza," akasema. "Majivu hayajawahi kuua mbegu za mama yangu. Umeandika 'majivu' tu. Majivu gani?"

"Ya jikoni. Niliyachota mama alipoipua ugali."

"Yalikuwa yamepoa?"

Chilongani akatikisa kichwa.

"Basi. Wenzako hupika matokeo peke yake. Wewe umepika na kunde."

Kisha akampa sharti. Fomu ya safari ilikuwa bado haijajazwa. Aandike upya, na ripoti atapewa mtu asiyejua lolote, aifuate neno kwa neno, Chilongani akiwa amefunga mdomo. Mtu huyo akipata matokeo yanayolingana na yake, atakwenda Dar. Asipopata, atabaki.

Safari hii yakawa makopo matatu: kunde kavu, za majivu yaliyopoa na za majivu ya moto. Akaandika mbegu ngapi, majivu yamepoa kwa muda gani, maji vijiko vingapi. Kila siku aliandika alichokiona siku hiyo, na siku ambayo hakuona kitu aliandika "hakuna". Mwisho kavu zikaota kumi na nane, za majivu yaliyopoa kumi na nane, za moto mbili. Dhana yake ikafa pale pale. Ilimuuma, lakini akaandika: "Nilidhani majivu yatazidisha kuota. Hayakuzidisha." Shukrani zikawa mstari mmoja.

Ripoti akakabidhiwa Matika, binti wa kidato cha pili ambaye kwa hiari yake asingegusa udongo. Asubuhi ya pili akakwama.

"Kaka, maji natia tena leo, au?"

Chilongani akajiziba mdomo kwa viganja vyote viwili.

"Iulize karatasi," mwalimu akasema.

Karatasi ikajibu: kila asubuhi, vijiko vitatu.

Siku ya sita Matika akahesabu kwa sauti, na Chilongani akahesabu naye moyoni. Kavu kumi na tisa. Majivu yaliyopoa kumi na nane. Akalivuta kopo la tatu, akahesabu, akarudia tena.

"Mbili, mwalimu."

Mwalimu Ndahani akafungua kalamu, akaandika jina la Chilongani kwenye fomu.

"Na kama Matika angepata tofauti?" mmoja wa wanafunzi akamuuliza Bi Sechelela.

"Angebaki hapa ananisuuzia chupa, akitafuta karatasi yake imetoboka wapi." Akamkabidhi muulizaji brashi. "Pambeni grafu zenu, wanangu, shukuruni hata mbuzi wa jirani. Atakayesoma ataenda kupanda, na kunde hazisomi ripoti."